Vumbi ya mbao: namna ya kutundika tuyo za kuivuta

Koperative nyingi ziko na atelye ya mbao pembeni ya depo, kwa kutengeneza mizinga ya nyuki, masanduku na milango. Vumbi inayoanguka chini kila mtu anaifagia. Ya hatari ni ile ndogo kabisa: inabaki hewani hata kisha mashini kuzimwa, na inaingia mpaka ndani ya mapafu. Vumbi ya mvule inawasha pua na ngozi. Tena tangu 1995 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa limeweka vumbi ya mbao kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu. Kitambaa mdomoni hakitoshi. Vumbi ivutwe pale inapotoka, karibu na meno ya msumeno.

Ventilateri moja kubwa inaweza kuvuta kwa mashini kadhaa, kwa tuyo zinazopita juu, ili chini pabaki wazi kwa watu na mbao ndefu. Lakini tuyo za juu ziko na shida yake: hewa ikikosa mbio, vumbi inalala ndani. Inarundikana, tuyo inalemea, na cheche ya msumari inaweza kuwasha moto mahali hamuoni. Hewa ikimbie karibu metre 20 kwa sekunde.

Ndiyo sababu tuyo kubwa si nzuri kila mara. Kwa mbio hiyo, tuyo ya milimetre 100 inapitisha karibu metre kibu 570 kwa saa. Ya 150, karibu 1 270. Mukiweka tuyo mama ya 150 na kufungua tawi moja tu la 100, mbio ndani ya mama inashuka chini ya nusu. Fungueni matawi mawili pamoja, ao tawi la mashini kubwa liwe nalo la 150. Mbele ya kununua, muulize muuzaji ventilateri inavuta kiasi gani ikiwa imefungwa kwenye tuyo, si ikiwa wazi.

Tundika tuyo mama kwenye miti ya paa, si kwenye mabati, na mkanda wa chuma kila metre 2. Tawi liingie kwa ubavu ao kwa juu, limeinama kufuata njia ya hewa; likiingia kwa chini, vumbi itaanguka ndani yake. Kona kali inaua mbio: tumia mbili za digri 45. Tuyo laini yenye mikunjo iwe fupi, pale kwenye mashini tu. Kila tawi liwe na kifungio chake, na mashini isiyofanya kazi ifungwe. Tuyo za chuma zifungwe waya mpaka kwenye chuma kilichopigwa udongoni, juu ya umeme unaotokana na vumbi kusuguana.

Ventilateri na gunia vikae inje, mbali na nyumba na jiko. Vumbi hiyo musiimwage shambani ikiwa mbichi, inanyima mimea azote. Ioze kwanza pamoja na samadi.

Kila mwezi gonga tuyo mama kwa ngumi. Mahali inalia nzito, vumbi imelala: fungua, safisha, na uangalie ni kifungio gani kiliachwa wazi.