Jengo Linalookoa Umeme, na Wanaokaa Ndani Yake

Serikali nyingi siku hizi zinajenga ofisi kubwa kwa nia ya kupunguza matumizi ya umeme. Nia hiyo ni njema, na chama cha wafanyakazi hakina sababu ya kuipinga. Umeme wa ofisi za serikali hulipwa kwa kodi, na kodi hutoka katika jasho la mfanyakazi na mkulima. Lakini liko swali moja ambalo hatuna budi kuliuliza kabla ya jiwe la msingi kuwekwa: je, wale watakaofanya kazi ndani ya jengo hilo kwa miaka mingi wameulizwa?

Mfano unaofaa kuangaliwa ni jengo la ofisi za Serikali Kuu ya Marekani katika mji wa San Francisco. Lilikamilika mwaka 2007, lina ghorofa 18, na lilichorwa na Thom Mayne pamoja na wenzake wa kampuni ya Morphosis. Sifa yake kubwa ni hii: katika ghorofa za juu, kumbi wanamokaa makarani zilijengwa ili zipozwe kwa upepo wa kawaida, bila mitambo ya kupoza hewa.

Ufundi wake si mgumu kuuelewa. San Francisco iko kando ya bahari, na usiku wake ni wa baridi. Jengo lilifanywa jembamba, upana wa mita 20 hivi, ili upepo uingie upande mmoja na kutokea upande wa pili. Usiku madirisha hufunguliwa kwa mitambo inayoongozwa na kompyuta, na hewa baridi hupita juu ya zege iliyoachwa wazi bila kufunikwa. Zege ni nzito. Hupoa polepole na hupata joto polepole. Asubuhi watu wanapoingia na mashine zao, zege hiyo hulinyonya joto lao kidogo kidogo mpaka jioni. Upande mmoja wa jengo umefunikwa kwa mabati ya chuma kisichoshika kutu yenye matundu, ili kupunguza ukali wa jua. Hata saruji ilipunguzwa: sehemu kubwa yake ilibadilishwa kwa unga wa masalio ya tanuri za kuyeyushia chuma. Hilo ni jambo la maana, kwa kuwa viwanda vya saruji hutoa kama asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani.

Wachoraji walifanya jambo jingine ambalo kwa macho ya mfanyakazi lilionekana kuwa la haki. Wafanyakazi wa kawaida waliwekwa kandokando ya madirisha, wapate mwanga na hewa, na vyumba vya wakubwa vikawekwa katikati. Kwa kawaida mambo huwa kinyume cha hivyo.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baada ya watu kuhamia, malalamiko yalianza. Mwanga uliosifiwa uliwatia kiwi waliokaa karibu na vioo, hata ikaripotiwa kwamba baadhi yao walifungua miavuli juu ya meza zao ili waweze kusoma maandishi kwenye kompyuta. Wengine waliona joto, wengine baridi. Idara ya serikali inayosimamia majengo ilipowauliza wafanyakazi, kiwango cha kuridhika kilionekana kuwa cha chini.

Jambo la lifti lilileta maneno zaidi. Lifti kuu zilipangwa kusimama kila baada ya ghorofa tatu, na mtu ashuke au apande ngazi kufika kwake. Walisema ni kwa ajili ya afya na kuwafanya watu wakutane. Lifti moja iliachwa isimame kila ghorofa kwa ajili ya walemavu. Kijana mwenye nguvu huenda akafurahia ngazi. Lakini je, mama mjamzito? Mfagiaji mwenye ndoo na mashine yake? Tarishi mwenye mzigo wa majalada? Mtu mwenye goti bovu ambaye hapendi kila mtu ajue habari za goti lake? Mpango unaomlazimisha mfanyakazi kufanya mazoezi ni sehemu ya masharti ya kazi, na masharti ya kazi hujadiliwa pamoja na wafanyakazi.

Tusielewe vibaya. Kosa halikuwa katika upepo wa usiku. Karibu na kwetu, mjini Harare, Zimbabwe, jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate, lililochorwa na Mick Pearce na kukamilika mwaka 1996, hutumia baridi ya usiku kupoza kuta na sakafu zake nzito, badala ya mitambo mikubwa ya kupoza hewa. Harare iko juu nyandani na usiku wake hupoa. Nairobi ni hivyo hivyo. Na Dodoma pia, ambako Serikali ya Tanzania imejenga ofisi za wizara huko Mtumba, ina hewa kavu na usiku wenye ubaridi. Ujuzi huu unatufaa sana sisi, kuliko sanduku la vioo linalotegemea umeme tangu asubuhi mpaka jioni, na umeme ukikatika watu huokwa ndani kama mikate.

Kwa hiyo basi, matawi ya vyama katika wizara na halmashauri yadai mambo manne kila ofisi mpya inapopangwa. Kwanza, ramani ionyeshwe kwa wafanyakazi wakati bado inaweza kubadilishwa. Pili, kila anayekaa dirishani awe na pazia au dirisha analoweza kulifungua na kulifunga kwa mkono wake. Tatu, wafagiaji, matarishi na mafundi wa matengenezo waulizwe pamoja na makarani, kwa kuwa wao ndio wanaoijua kila ngazi na kila mlango. Nne, mwaka mmoja baada ya kuhamia, wafanyakazi waulizwe tena, na fedha za kurekebisha kasoro ziwe zimetengwa tangu mwanzo.

Umeme uliookolewa husomwa kwenye mita. Macho yanayouma na magoti yaliyochoka hayasomwi na mita yoyote; yatajulikana tu ikiwa wenyewe watapewa nafasi ya kusema.