Je, Wajua? Karata Zinazowahoji Watafiti

Je, wajua kuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walitunga seti ya karata 52 za kuwabana wabunifu wa teknolojia? Inaitwa Moral-IT. Ina mafungu manne kama karata tulizozizoea, ila badala ya shupaza, kopa, uru na pau, kuna faragha, maadili, sheria na usalama. Wachezaji hutaja kifaa wanachotaka kukiunda, huchagua karata zinazogusa hatari zake, huzipanga kwa uzito, kisha hutafuta kinga ya kila hatari. Halafu huulizana: kinga hiyo itatekelezwaje? Hatua hii naithamini kuliko zote. Kuahidi kwamba taarifa za watu zitalindwa ni rahisi. Kazi ni kusema nani atazilinda, na kwa fedha zipi.

Kwa nini karata? Mwaka 1980 msomi David Collingridge alieleza tatizo ambalo bado linatusumbua: teknolojia ikiwa changa ni rahisi kuirekebisha, lakini madhara yake hayajaonekana, yakishaonekana, imeota mizizi. Kwa hiyo maswali lazima yaulizwe mapema, tena na kila aliyemo chumbani. Lakini mtafiti mdogo akimuuliza profesa wake, "Hiki kitamuumiza nani?", anaonekana mkaidi. Swali hilohilo likiwa kwenye karata aliyoilamba, ni zamu yake tu.

Je, wajua kuwa mchezo wa PlayDecide una kadi ya njano, na hauna refa? Mchezaji yeyote huinyanyua mwenzake anapovunja kanuni za mazungumzo. Mchezo huu ulitokana na Democs, uliobuniwa na taasisi ya New Economics Foundation ya London, na huchezwa na watu 4 hadi 8. Kila mmoja huchagua karata ya kisa cha mtu, karata za taarifa na karata za hoja, akawasomea wenzake. Nanoteknolojia, seli shina na VVU ni baadhi ya mada zake. Mwishoni kundi hupigia kura misimamo minne ya kisera, na kama hakuna unaowaridhisha, huandika wa tano.

Microsoft nao wana mchezo uitwao Judgment Call. Unapewa karata tatu: mtu anayeguswa na teknolojia, kanuni ya maadili, na nyota kati ya 1 na 5, kisha unaandika tathmini ya teknolojia hiyo kana kwamba wewe ndiye mtu huyo. Tuseme umepata bibi kizee, usawa, na nyota 1. Basi wewe, mhandisi, unaandika malalamiko ya bibi ambaye mashine imekataa kuitambua sura yake, nayo mashine haijaingia hata sokoni.

Je, wajua kuwa seti za PlayDecide hupakuliwa bure mtandaoni, zikachapwa na kukatwa kwa mkasi, na kwamba kikundi chochote kinaweza kutunga seti ya mada yake? Mimi natamani kuona ya Kiswahili kuhusu mbu waliobadilishwa vinasaba ili kupambana na malaria, utafiti ambao Taasisi ya Afya Ifakara inashiriki hapa Tanzania. Karata ya kwanza ya kisa apewe mkulima wa Kilombero, na mezani awepo mkulima mwenyewe.