Sindano ya kupunguza uzani: Kutapika si ushahidi kwamba dawa inafanya kazi

MSICHANA akitapika mara mbili kwa wiki moja, mtaa huwa na majibu mawili tu: ana mimba au ana taifodi. Mama atatuma mtoto dukani akanunue dawa ya malaria. Shangazi ataanza kuhesabu miezi kwa vidole. Wenzake kazini watanyamaza, wakingoja tumbo lionekane.

Siku hizi kuna jibu la tatu ambalo wengi hawataki kulitaja. Sindano.

Nazungumzia zile sindano za kila wiki za kupunguza uzani: Ozempic, Wegovy na Mounjaro. Mbili za kwanza zina dawa inayoitwa semaglutaidi, ya tatu ina tirzepataidi. Ozempic iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2017 kwa wagonjwa wa kisukari, kisha Wegovy ikaidhinishwa 2021 kwa ajili ya uzani wenyewe. Leo hata hapa Nairobi utasikia zikitajwa kwenye saluni na jimu, kwa sauti ya chini.

Kwamba zinapunguza kilo, hilo halina ubishi. Katika utafiti mkubwa wa semaglutaidi uliochapishwa 2021, waliodungwa walipoteza kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzani wao ndani ya wiki 68. Lakini katika utafiti huohuo, watu kama 44 kwa kila 100 waliotumia dawa walipata kichefuchefu. Kwa waliodungwa sindano isiyo na dawa, walikuwa kama 17.

Shida ni jinsi watu wanavyokichukulia hicho kichefuchefu. Kuna wasee wanaamini eti ukitapika ndiyo mafuta yanatoka. Wahenga nao walishatuachia ile ya ukitaka uzuri sharti udhurike, basi mtu anavumilia kimyakimya huku anakauka maji mwilini. Ukweli ni kwamba wataalamu walipochambua matokeo ya tafiti hizo, waligundua kuwa kichefuchefu na kutapika kulichangia sehemu ndogo sana ya kilo zilizopotea. Waliokaa vizuri bila kutapika walipungua pia. Kwa hivyo hakuna tuzo unayopata kwa kuteseka.

Kinachoendelea tumboni

Dawa hizi zinaiga homoni inayoitwa GLP-1, ambayo utumbo hutoa ukishakula. Homoni hiyo huuambia ubongo kwamba umeshiba na kupunguza mwendo wa chakula kutoka tumboni. Ile ya asili hudumu dakika chache tu. Semaglutaidi huchukua karibu wiki nzima kabla nusu yake kuisha mwilini. Ndiyo maana unadungwa mara moja kwa wiki, na ndiyo maana ukizidisha dozi Jumatatu, huwezi kuiondoa Jumanne.

Sasa fikiria ugali na matumbo ya mchana bado yamekaa, halafu saa mbili usiku unaongeza chapati mbili kwa sababu sahani ni ileile uliyozoea. Zitarudi.

Cha kufanya jikoni

Punguza sahani, na uache kula dalili ya kwanza ya shibe ikija. Najua kwetu kubakisha chakula ni kama kumtusi mpishi. Omba kidogo tangu mwanzo, hutalazimika kubakisha.

Epuka mafuta mengi, hasa siku za kwanza baada ya sindano. Chipsi, viazi karai, mandazi na nyama yenye mafuta hukaa tumboni muda mrefu zaidi. Viazi vya kuchemsha, wali mweupe, mkate mkavu, ndizi, yai la kuchemsha au uji mwepesi huteremka kwa urahisi.

Usishinde njaa ukidhani unasaidia dawa. Tumbo tupu pia huleta kichefuchefu. Afadhali kula kidogo mara nne kuliko mlo mmoja mkubwa wa usiku.

Kunywa maji kidogokidogo siku nzima. Soda huongeza gesi, na pombe huchokoza tumbo. Strungi ya tangawizi huwasaidia baadhi ya watu, na haina gharama. Baada ya kula, kaa wima. Usijitupe kitandani na simu.

Kama umeona siku mbili za kwanza baada ya kudungwa ndizo mbaya, muulize mfamasia jinsi ya kuhamisha siku yako isigongane na mtihani au zamu ya kazi. Usiihamishe kiholela, kwa sababu lazima kuwe na nafasi kati ya sindano mbili.

Dozi ni ngazi

Wegovy huanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne. Halafu 0.5, kisha 1, kisha 1.7, kila moja wiki nne, ndipo mtu afike 2.4. Hiyo ni karibu miezi minne ya kupanda polepole, na sababu yake kubwa ni kulipa tumbo nafasi ya kuzoea. Anayeruka ngazi ili avae gauni la harusi ya Desemba anajitafutia balaa. Ukizidiwa, daktari anaweza kukuacha kwenye dozi ndogo kwa muda zaidi. Na kama umekosa sindano wiki kadhaa, uliza kabla ya kurudia dozi uliyoachia.

Dozi inahusu pia mahali unaponunua. Juni 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa onyo kuhusu Ozempic feki zilizokuwa zimepatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Julai mwaka huohuo, mamlaka ya dawa ya Marekani ikaonya kuwa baadhi ya watu waliokuwa wakijivutia semaglutaidi wenyewe kutoka kwa chupa ndogo walijidunga mara 5 hadi 20 ya kipimo walichostahili. Yule muuzaji wa WhatsApp anayekuletea kichupa na bomba la sindano kwa bodaboda hatakuwepo ukianza kutapika usiku. Nunua kwa duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, ukiwa na karatasi ya daktari.

Shangazi huenda yuko sahihi

Hili wasichana wengi hawaambiwi. Mounjaro inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Ushauri ni kutumia kondomu au njia nyingine isiyo ya kumeza kwa wiki nne baada ya kuanza, na wiki nne kila unapopandisha dozi. Tena kidonge chochote ukikitapika punde baada ya kukimeza, hakijafanya kazi. Hivyo kama umekosa hedhi, pima. Sindano hizi hazifai kwa mjamzito, na anayepanga kupata mtoto anashauriwa kuacha semaglutaidi angalau miezi miwili kabla.

Usingoje kupambazuke

Nenda hospitali ukishindwa kukaa na hata maji tumboni kwa siku nzima, mkojo ukipungua na kuwa mweusi, au ukisimama unaona kizunguzungu. Figo zinaweza kuumia kwa kukosa maji. Maumivu makali ya tumbo la juu yanayoelekea mgongoni na hayapoi yanaweza kuwa kongosho limevimba. Macho yakiwa ya njano, inaweza kuwa nyongo. Na kama una kisukari na unatumia insulini, kutapika bila kula kunaweza kushusha sukari hadi uzirai.

Ukifika pale, sema ukweli. Daktari asiyejua kuhusu sindano atakupima malaria, atakupima taifodi, akupe vidonge ambavyo pia utavitapika. Mwambie jina la dawa, dozi, siku uliyodungwa mwisho na dawa nyingine unazomeza. Hata kama unaenda kufanyiwa upasuaji mdogo, mwambie anayekupa dawa ya usingizi, kwa sababu chakula kinaweza kuwa bado tumboni hata baada ya kufunga usiku kucha.

Mtaa si lazima ujue. Mwili ni wako, na anayeuliza umepunguaje unaweza kumwambia umeacha sukari. Lakini daktari ajue, na mtu mmoja unayeishi naye ajue ile kalamu iko wapi kwenye friji na unajidunga siku gani. Usiku ukizidiwa na huwezi kuongea, huyo ndiye atakayekuongelea.