Injini Iliyofufuliwa na Ushahidi wa Chuma

Mkulima hupeleka trekta lake kwa fundi. Injini ikafumuliwa, ikaundwa upya, naye akapewa dhamana ya miezi sita. Baada ya majuma machache ya kulima, injini hugonga na kukwama. Fundi husema iliendeshwa bila oili. Mwenye trekta husema haikufungwa sawasawa. Mvua haingojei mashauri. Tena katika mahakama za Tanzania, kwa Sheria ya Ushahidi ya 1967, anayedai jambo ndiye apaswaye kulithibitisha, hivyo mkulima mwenye haki aweza kushindwa kwa kukosa ushahidi tu. Nao ushahidi, aghalabu, umo ndani ya injini yenyewe.

Tutazame beringi za krenki, yaani ule mtaimbo wenye viwiko ugeuzao mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Injini inapokwenda, krenki haipaswi kugusa beringi zake. Nafasi iliyopo baina yao ni kadiri ya unene wa unywele, na ndani yake mna oili. Pampu huileta oili hiyo tu. Kinachoinua krenki ni mzunguko wake wenyewe, unaoivuta oili kuingia mahali panapozidi kuwa pembamba hata ikapata kani ya kubeba mzigo. Mzigo ukizidi, utando huo hubaki mikroni chache.

Oili ikikosekana, joto hupanda ghafla: madini laini ya beringi huyeyuka na kupakaa, na krenki hugeuka rangi ya samawati au nyeusi. Uchafu huacha alama nyingine kabisa, yaani mikwaruzo inayofuata mzunguko, na chembe zilizojikita katika madini laini.

Lakini uchafu wa nani? Vumbi lipitalo kwenye kichujio kibovu cha hewa hula kwanza ringi za pistoni na sehemu ya juu ya silinda. (Walioendesha mradi wa karanga wa Kongwa, 1947 hadi 1951, walijua jinsi udongo wa mchanga mkali unavyokula chuma.) Ringi na silinda zikiwa nzima, ilhali beringi zimekwaruzika, yafaa kushuku kwamba njia za oili hazikusafishwa baada ya krenki kuchongwa. Na ukikuta doa linalong'aa mgongoni mwa beringi, pale inapokalia chuma, ujue punje ilinaswa hapo. Punje hiyo haiwezi kupenya injini ikiwa imefungwa. Iliingia mikononi mwa aliyeifunga.

Ndiyo sababu naona sharti la kufuta dhamana iwapo mtu mwingine amefungua injini lina haki ndani yake. Ila fundi anayeifungua peke yake huharibu ushahidi vilevile. Ifunguliwe mbele ya wote wawili, pamoja na mhandisi asiye wa upande wowote. Beringi zitiwe namba, na oili na kichujio chake vihifadhiwe.

Ugomvi mwingine huzuka juu ya saa. Katika matrekta mengi ya zamani, kipima saa huendeshwa na injini na kwa kweli huhesabu mizunguko. Husema kweli kwa kasi moja tu iliyowekwa. Injini ikienda kwa nusu ya kasi hiyo, saa 2 huandikwa 1. Dhamana ya saa 500 haina budi kueleza ni saa zipi.