MGENI ALIYEJENGA MAJUMBA MAREFU

Wanafunzi wenzetu, mara mingi tunasema: bila makuta ya baba, mtu hawezi kujenga. Tuangalie basi Paul Reichmann. Alizaliwa Vienna mwaka 1930. Jamaa yake, Wayahudi, walikimbia Wanazi mpaka Tangier, kule Moroko. Katika miaka ya 1950 yeye na ndugu zake walihamia Toronto, Kanada, wakauza karo za nyumba. Walitaka depo, bei ya wajenzi ilikuwa kali, wakajijengea wenyewe kwa bei ya chini. Pale njo kazi ilianza.

Iliendelea namna gani? Unakopa banki, unajenga, unapangisha. Kodi inalipa deni, na jengo lenyewe linakuwa rehani ya kukopa tena. Hivi kampuni yao, Olympia & York, ilisimamisha Toronto jengo la etaji 72 mwaka 1975. Mwaka 1977 ikanunua majengo manane New York, mji ule ukiwa karibu kufilisika.

Lakini njia ile ina mwiba: jengo tupu halilipi, na riba hailali. London walijenga Canary Wharf kwenye bandari ya zamani. Treni ya chini ya ardhi ilifika 1999 tu. Biro nyingi zilikosa wapangaji, bei za majengo zikaanguka. Mwaka 1992 kampuni ilishindwa kulipa mabilioni ya dola. Mwaka 1995 Paul alirudi na washiriki wengine, wakainunua Canary Wharf tena.

Basi, mwenye kukopa asihesabu etaji tu. Ajiulize: nani ataingia, na lini?