Je, Wajua? Mtumwa wa jana, kanga ya leo

Kabla ya sheria ya 1897 kufuta utumwa Unguja, mtumwa ulimtambua kwa mavazi: kitambaa cha merikani au kaniki, kichwa wazi, miguu peku. Kofia na viatu vilikuwa vya waungwana. Watumwa walipokuwa huru (masuria walicheleweshwa hadi 1909!), wanaume walivaa kanzu na kofia, wanawake wakajitanda kanga za rangi, na baadaye mabuibui. Hata kabila lilibadilika. Kati ya sensa ya 1924 na ya 1931, waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua mno, huku Wahadimu na Watumbatu wakiongezeka. Si kwamba Waswahili walihama. Wengi ni watu walewale, safari hii wamemjibu karani vingine.