Kilio Kabla ya Matanga: Kukaa na Mgonjwa Ambaye Hatapona

Leo twazungumza juu ya jambo ambalo huingia katika kila nyumba, siku moja au nyingine. Jambo lenyewe ni kumwuguza mtu ambaye daktari amekwisha sema kwamba hatapona.

Mtu akifa, desturi zetu zatuongoza. Majirani huja, majamvi hutandikwa, na chakula hupikwa kwa jirani. Kila mtu ajua la kusema: "Poleni kwa msiba." Lakini kabla ya siku hiyo, pengine miezi mitatu, pengine mwaka mzima, watu wa nyumba ile wamekwisha anza kulia. Hulia usiku, hulia jikoni, hulia njiani waendapo kuteka maji. Kilio hicho hakina jamvi, wala hakuna ajaye kuwapa pole. Ndicho tutakachokieleza leo.

KILIO HIKI KIKOJE?

Anayeuguza hukosa usingizi. Chakula hakimpiti. Hukasirika kwa jambo dogo, kama kikombe kuvunjika. Huketi kando ya kitanda akawaza mazishi na deni la ada ya shule. Pengine wazo humpitia moyoni: "Heri apumzike." Kisha hujiona kuwa mtu mbaya. Ndugu zangu, wazo hilo si chuki. Ni uchovu na huruma vilivyochanganyika, nao wengi huwapata.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja wa mji wa Boston, Marekani, jina lake Erich Lindemann, aliandika habari za majonzi. Alieleza kwamba watu wengine huomboleza kabla ya kifo, kwa kuogopa tu kwamba kitakuja. Alitaja habari za askari aliyerudi kutoka vitani akiwa hai, akakuta mkewe hampendi tena na anataka talaka. Mke alikuwa amekwisha lia akamaliza. Moyoni mwake mume alikuwa amezikwa, na sasa amesimama mlangoni.

Basi tushike neno hili moja. Kulia mapema si kosa. Hatari ni kumzika mtu angali hai.

TUNAVYOMZIKA MTU ANGALI HAI

Tuseme yuko baba mmoja, fundi seremala, ana saratani ya koo. Daktari amewaambia wanawe, nao wakakata shauri kumficha. Wakisikia anakohoa, hunyamaza. Mgeni akija humwuliza mama, "Je, amekula?" na mgonjwa yu macho pale pale. Hakuna amwulizaye tena bei ya mbao. Randa na misumeno yake imekwisha gawanywa.

Wanawe hawafanyi hivyo kwa ubaya. Wanampenda. Lakini baba huyo aona kila kitu. Anaujua mwili wake, naye hunyamaza ili asiwaumize. Hivyo nyumba nzima yalijua neno moja, na kila mtu analibeba peke yake.

Tena yako mambo ayajuayo yeye tu: nani anamdai, naye anamdai nani, na mpaka wa shamba unapita wapi. Akifa nayo, watoto watagombana juu ya kaburi lake.

JINSI YA KUANZA MAZUNGUMZO

Sasa sikilizeni mazungumzo haya. Darasani, wawili wayasome kwa sauti.

MTOTO: Shikamoo, baba.

BABA: Marahaba, mwanangu.

MTOTO: Baba, tangu turudi hospitali naona una mawazo. Wapenda tuzungumze, au tukae tu?

BABA: Daktari aliwaambia nini?

MTOTO: Wapenda nikueleze yote, au kidogo kidogo?

BABA: Nieleze. Mimi si mtoto.

MTOTO: Alisema dawa ya kuuondoa ugonjwa huu hana. Ya kupunguza maumivu anayo. Nasi tupo, baba. Hatutakuacha.

BABA: Nilijua. Basi lete daftari. Yuko mtu alichukua meza, hajamaliza kulipa.

Mmeona? Mtoto hakusema uwongo, wala hakumwaga maneno yote kwa mara moja. Aliuliza kwanza. Kama baba angejibu, "Leo sitaki," mtoto angekaa naye tu, akamwacha mpaka atakapotaka mwenyewe. Tusimlazimishe mgonjwa kusema, na tusimnyime nafasi ya kusema.

MAUMIVU

Mtu aliyeshikwa na maumivu makali hawezi kuagana na wanawe. Kwa hiyo maumivu yatulizwe kwanza. Iko tiba ya kazi hii, nayo huitwa tiba shufaa. Haiuondoi ugonjwa, bali humtuliza mgonjwa na kuwasaidia watu wa nyumbani kwake. Huko London, Daktari Cicely Saunders alifungua nyumba ya tiba hiyo mwaka 1967. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na huko dawa ya mofini huchanganywa na maji ili mgonjwa ainywe nyumbani kwake. Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa tiba shufaa pia.

Wengine huogopa mofini, wakidhani itaharakisha kifo. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari, haifanyi hivyo. Mofini ya maji hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Hufunga choo, kwa hiyo ulizeni pia dawa ya kulainisha choo. Mkiwa hospitali, mwulizeni daktari maneno haya: "Je, tiba shufaa yapatikana wapi karibu nasi?"

KUMSAIDIA ANAYEUGUZA

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa mwingine twauona mwepesi kama sufi. Nyumba nyingi kazi ya kuuguza huangukia mtu mmoja: mke, au binti mkubwa. Yafaa ndugu wakae wapange zamu. Mmoja akeshe Jumatatu, mwingine Jumanne. Aliye mbali alete nauli au sabuni.

Nawe jirani, usingoje matanga. Ukienda kumtazama mgonjwa, msalimu yeye kwanza, kwa jina lake. Usikae mpaka achoke. Kisha mwambie anayeuguza, "Dada, nenda kalale saa mbili, mimi nitakaa hapa." Usiseme, "Ukihitaji kitu niite," kwa maana hataita. Teka maji, fua shuka, ondoka.

WATOTO WADOGO

Mtoto hujua kwamba jambo liko. Asipoambiwa, hudhani kosa ni lake, ati babu ameugua kwa sababu yeye alipiga kelele. Mwambieni kwa maneno mafupi: "Babu ni mgonjwa sana. Madaktari hawawezi kumponya. Si kosa lako." Mpeni kazi ndogo, kama kumpelekea babu maji. Siku zijazo atakumbuka kwamba alimhudumia.

Ndugu wasikilizaji, siku za mwisho za mtu ni siku zake bado. Aulizwe anataka uji au chai, dirisha lifunguliwe au lifungwe. Aombwe ushauri. Aambiwe asante, aombwe radhi, naye atoe radhi. Msiba utakuja, na machozi yatakuwa yale yale. Lakini hatutalia kwa sababu ya neno ambalo tulikuwa na nafasi ya kulisema tukalimeza.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kuuguza: kumtunza mgonjwa.
Tiba shufaa: tiba ya kumtuliza mgonjwa asiyetazamiwa kupona.
Zamu: nafasi ya mtu katika kazi ya kupokezana.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini yule mke wa askari hakumpenda tena mumewe?
2. Mtoto alimwuliza baba nini kabla ya kumweleza habari?
3. Ni nyumba gani karibu nawe yenye mgonjwa wa muda mrefu? Juma hili utafanya kazi gani huko?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.